Makofi ya Safu ya Tatu

Akanisi aliingia sokoni jioni ile kutafuta papai moja tu, lakini alilichagua kama mtu anayemchagulia mwanawe mchumba. Alibonyeza, akanusa, akarudisha. Mvua ya mji wa Suva ilikuwa ikiyapiga mabati ya soko kwa hasira zake za kila siku, na wauzaji walikwisha anza kufunga.

“Nataka lililolainika zaidi,” alisema.

“Zaidi ya hapo, mama, huo ni uji,” muuzaji akamjibu.

“Basi nifungie huo uji.”

Papai lilikuwa la Ilaitia, mdogo wake. Ilaitia wa zamani alikuwa mtu wa kumaliza sufuria ya mihogo akiwa amesimama, kisha akauliza chakula kiko wapi. Ilaitia wa sasa alikuwa fremu ya mtu. Tangu aigize katika ile sinema, hakuna kilichopita kooni mwake ila maji na yaqona, kinywaji cha mizizi ambacho wanaume wa huko hunywa mpaka ulimi ukafa ganzi. Kila akitia tonge mdomoni alilitema. “Linanuka moshi, dada,” alisema. “Lina ladha ya udongo wa moto.” Madaktari walimpima damu, mkojo, na kila kitu kinachoingia kwenye kichupa, wakasema ni mzima. Mzima! Suruali yake ilikuwa inashikiliwa na kamba ya nailoni.

Nje ya soko, chini ya mwavuli, alikuwa akingoja Urmila, jirani yake, mwanamke ambaye tangu azaliwe hajawahi kuonja hata yai. Alikuwa amevaa sari ya harusini.

“Miaka yote nimeikataa supu yako ya kuku,” Urmila alisema, “leo unanipeleka kutazama watu wakilana.”

“Utafumba macho.”

“Na masikio nifumbe na nini? Nasikia yule mzungu wenu hakuweka muziki hata chembe. Ameweka kutafuna tu.”

Akanisi alimshika mkono wakaanza kwenda. Ndani ya mkoba wake, chini ya papai, kulikuwa na kitu kizito kilichofungwa kwa taulo. Jino la nyangumi, refu kama mkono wa mtoto, lina rangi ya asali, na kamba ya nyuzi za nazi. Kwao hakuna kitu kikubwa kuliko jino hilo. Ukitaka kuposa, kuzika, kuomba radhi kwa damu, unapiga magoti na kulitoa. Mwenzio akilipokea, amekukubalia ulichoomba, hata kama kitamuua. Akilikataa, unarudi kwenu mzima.

Na hapo ndipo balaa lilipoanzia.

Fergus, mtengenezaji sinema kutoka Melbourne, alikuwa amefika kijijini kwao milimani na adabu zake zote. Alileta mizizi ya yaqona, akakaa chini kwa wazee, akanywa mpaka miguu ikamkataa. Wakampenda. Yaqona humlegeza mtu magoti, lakini Ilaitia humlegeza na mdomo, na siku hiyo alimsimulia mgeni hadithi ambayo ukoo wao hausimulii nje. Kwamba zamani, kabla ya kanisa, alikuja mjumbe kutoka ng'ambo ya mlima, jino la nyangumi mkononi, kuomba kitu. Kitu gani, hakuna anayekumbuka. Mababu walilipokea jino lake, wakapiga makofi ya heshima.

Kisha wakamla mletaji.

Vita vilikuwa vita, na watu wa zamani walikuwa na mambo yao. Lakini kumla mtu aliyekuja na jino, tena baada ya kulipokea... Hilo hata watu wa zamani waliliinamishia macho.

Fergus alilitia kwenye sinema. Ilaitia akapewa nafasi ya chifu mlaji, akavimba kichwa. Siku ya kurekodi tonge la kwanza, akauona uma walioletewa, ule wa mbao wenye meno manne: wa kuuzia watalii, bado unanuka vanishi. Mtu mzima na majivuno yake! Alipanda darini kwa mjomba wao Waisake, akafungua furushi la kitambaa cha magome lililoning'inia humo tangu enzi za babu wa babu, akatoa uma wa kweli. Ule ambao hakuna mdomo wowote uliopaswa kuugusa tena. Akautumia mbele ya kamera.

“Ni nyama ya nguruwe tu, dada,” alimwambia Akanisi kwa simu, akicheka.

Tangu siku hiyo hakumeza tonge.

Mjomba Waisake alipopata habari, hakufoka. “Lazima tuombe radhi,” alisema. “Lakini kwa nani? Watu wa mjumbe walihama, wakatawanyika, hatujui hata jina lao.” Kisha akampa Akanisi jino. “Hiyo sinema itaonyeshwa mjini, watu wa kila pembe watakuja. Nenda. Wewe usitazame ukuta wa picha. Tazama watu. Mwenye damu ya marehemu hawezi kukaa kama wenzake. Ukimwona, piga magoti hapo hapo, kabla mdogo wako hajawa mtu wa kusimuliwa.”

Ndiyo maana Akanisi alikuwa anakwenda sinema.

Mlangoni alisimama Filimone, mkata tiketi, mtu wa visiwani. Ukoo wake na ukoo wa Akanisi ni watani wa kuchukuliana kuku bila kuulizana. Alikuwa anagawa mifuko ya karatasi ya kutapikia, maana watu wa tamasha la sinema waliona hilo ni tangazo zuri.

“Karibu, mla watu!” alipaza sauti mpaka ukumbi mzima ukageuka. “Umekuja kujikumbusha mapishi ya babu?”

“Babu alisema watu wa kwenu hawaliki,” Akanisi akajibu. “Wachungu. Hata mbwa walikataa.”

Foleni ikacheka. Filimone akacheka zaidi ya wote, kisha akainama karibu. “Nimemwona Ilaitia amepita,” alinong'ona. “Mtani wangu, yule mtu anakufa.”

“Najua.”

“Ukinihitaji, niite.”

Ilaitia alikuwa amekalishwa safu ya mbele kabisa kando ya Fergus, kama bwana harusi. Suti ilimning'inia. Alipomwona dada yake alinyanyua mkono, na mkono wenyewe ulionekana umemlemea.

Akanisi na Urmila walikaa kando, safu ya katikati. Taa zikazimika.

Basi, ile ilikuwa sinema ya kisanii, yaani mtazamaji unaangalia mvua ikinyesha mpaka unakumbuka nguo ulizoanika nyumbani. Watu walivumilia kidogo, wakaanza kuisaidia kwa kelele. Ilaitia alipotokea na mafuta kifuani, ukumbi ulilipuka. “Huyo anadaiwa na mke wangu sahani!” mmoja alipiga kelele. Mwingine akajibu, “Nenda kaidai sasa basi, tukuone!” Akina mama walijipigapiga mapaja kwa kicheko.

Akatokea mjumbe. Alikuja peke yake katika mvua, amekonda, jino mkononi. Akapiga magoti mbele ya chifu. Mdomo wake ukafunguka, ukasema maneno mengi... bila sauti. Fergus hakujua mjumbe aliomba nini, kwa hiyo aliyaacha maneno yawe kimya. Machozi yalimtoka yule mtu kwenye ukuta, midomo inacheza, ukumbi hausikii kitu.

Kicheko kilipungua.

Chifu akalipokea jino.

“Kimbia, ndugu yangu!” mwanamke mmoja akamwambia mjumbe. “Kimbia, usikae hapo!”

Hakukimbia. Angekimbia vipi, na jino limeshapokelewa?

Akanisi aliugeuzia ukuta kisogo. Alifanya kama alivyoagizwa, akawatazama watu. Mwanga ulipita juu ya nyuso zao kama maji. Mzee mmoja wa kizungu alikuwa ameshika mfuko wa karatasi kwa mikono miwili, ameukodolea macho kama Biblia. Vijana wa chuo walikuwa wamejikunyata, mmoja akirekodi wenzake kwa simu badala ya sinema. Mchungaji wa mtaa wa pili alikuwa amefumba macho, lakini si yote mawili. Urmila alikuwa amejifunika sari mpaka kichwani, anasoma sala zake haraka haraka.

Kisha ikaja sauti ya mawe ya moto yakimwagiwa maji. Tssss... Majani. Udongo. Mtu wa kwanza akatapika. Wa pili akamwitikia kutoka upande wa pili. Msichana alisimama aondoke, akaanguka kwenye njia, na wenzake wakamburuta nje kwa makwapa. Milango ilikuwa ikifunguka na kufunga. Kule mbele, Fergus aligeuka kuwatazama wanaotoka, uso wake unang'aa kama wa baba aliyeletewa mtoto.

Wote walifanya kitu. Akanisi aliwapitia mmoja mmoja. Anayelia, si yeye. Anayetukana, si yeye. Yuko wapi? Mungu wangu, yuko wapi?

Hapo akasikia.

Po...

Si makofi ya ukumbini. Yalikuwa makofi ya viganja vilivyokunjwa kama vikombe, yenye mlio mzito, wa tumboni. Makofi ya heshima, yanayopigwa mbele ya chifu.

Po... po...

“Urmila. Unasikia?”

“Nasikia watu wanatapika,” Urmila alisema ndani ya sari. “Na nasikia harufu. Wamewasha nini humu?”

Harufu ile Akanisi aliijua. Kila mtu wa kwao anaijua, ni ya Jumapili, ya chakula kilichofukiwa shimoni na mawe ya moto. Lakini chini yake kulikuwa na harufu nyingine, nzito, tamu kidogo.

Safu ya tatu kutoka mbele ilikuwa tupu, imefungwa kwa kamba kwa sababu dari ilivuja hapo. Katikati ya safu hiyo alikaa mwanamke. Nywele zake zilisimama mviringo mkubwa, kama za wanawake kwenye picha za kale. Hakutapika. Hakufumba macho. Alikuwa anamtazama mjumbe jinsi mtu anavyomtazama ndugu anayepanda gari la kwenda mbali.

Akanisi alishuka. Kwao hupiti wima mbele ya waliokaa, kwa hiyo alikwenda ameinama, karibu kutambaa, akinong'ona radhi kila kiti, mkoba kifuani. Alikuwa hajafika alipoona jambo lililomsimamisha.

Kwenye ukuta, chifu alinyanyua uma. Akatia nyama mdomoni. Akatafuna.

Na chini, safu ya mbele, Ilaitia wa kweli akaanza kutafuna.

Mdomo mtupu. Taratibu. Sawasawa na ukuta. Taya likipanda kule, linapanda na huku. Likasaga.

“Ilaitia!”

Hakugeuka. Alikuwa anatafuna kwa nguvu sasa, na kamstari keusi kalikuwa kanamshuka kidevuni, kakidondokea shati jeupe. Alikuwa anajitafuna mwenyewe, ulimi au shavu, hakuna aliyejua. Machozi yalimtoka, lakini taya halikusimama.

Akanisi alimrukia, akamshika mashavu kwa vidole. Alikuwa kama anashika mlango wa mashine.

“Mwache, mama!” Fergus alinong'ona akimvuta mkono. “Usimkatize! Ona watu!”

Waliobaki ukumbini walikuwa wamesimama. Walidhani ni sehemu ya onyesho. Walikuwa wanashangilia, wanapiga mbinja, simu zimewashwa. “Huyo ndiye mwigizaji!” mtu alipiga kelele. Na katikati ya makofi yao mepesi, yale mazito yaliendelea.

Po... po... po...

Akanisi alimwachia mdogo wake. Uamuzi ule ulimchana kifua. Alipita chini ya kamba, akapiga magoti kwenye maji yaliyovuja, akafungua taulo. Papai likabingirika, hakulijali. Alilinyanyua jino kwa mikono miwili.

“Mama,” alisema. “Sisi ni wakosaji. Tuliwakosea zamani, tumewakosea na leo. Sina maneno ya wazee, mimi ni mwanamke tu niliyetoka sokoni. Namwombea mdogo wangu. Pokea jino.”

Mwanamke aliteremsha macho. Hayakuwa makali. Yalikuwa yamechoka kuliko macho yoyote aliyowahi kuyaona.

“Jino hili nalijua,” alisema. Sauti yake ilikuwa karibu mno, kama imetokea ndani ya sikio. “Alilibeba yeye. Mimi ndiye niliyeisuka hii kamba.”

Akanisi akaelewa. Furushi la darini. Uma na jino vilikuwa vimening'inia pamoja. Mjomba Waisake, baada ya mazishi mengi na meno ya ukoo kwisha, alikuwa ametoa lile pekee lililobaki.

“Mlilipokea,” mwanamke aliendelea. “Mwenye kupokea jino hutoa alichoombwa. Mpaka leo nangoja.”

“Aliomba nini? Mama, niambie, hatujui! Aliomba nini?”

Nyuma yake, kitu kilikatika kinywani mwa Ilaitia. Alikisikia, mfupa au jino, na wale watu wakashangilia.

Mwanamke aliinama. Pumzi yake ilikuwa ya majani yaliyoungua. “Kimbunga kilichukua mashamba yetu,” alinong'ona. “Watoto walikuwa wanakula magome. Alikuja kuwaambia: tuna njaa. Tulisheni.”

Hilo tu.

Akanisi alilia kwa sauti. “Tutawalisha,” alisema. “Naapa. Chochote. Tutawalisha!”

Mikono miwili ikalipokea jino. Ilikuwa ya moto. Po, yakapigwa makofi mara moja, na mara hii yakaitikiwa kutoka kila safu tupu ya ukumbi ule.

“Sasa mlishe ndugu yako,” mwanamke alisema. “Mlishe vizuri.”

Taa zikawaka. Filimone alikuwa amesimama kwenye swichi, uso umempauka kama jivu. Ilaitia alikuwa sakafuni, mdomo wazi, anahema, taya limetulia. Safu ya tatu ilikuwa tupu. Akanisi aligusa kile kiti: kilikuwa kikavu kabisa chini ya dari inayovuja, na moto kama mkate, na juu yake pameachwa jani la mgomba lililoungua kingo.

“Ulikuwa unaongea na nani, mtani?” Filimone aliuliza. Hakukuwa na utani wowote katika sauti yake.

Ilaitia alikula papai lile kwenye ngazi za nje, mvua ikimnyeshea, meno mawili hayapo na ulimi umechanika. Alikula na maganda. Kisha akaomba tena. Filimone alileta mkate wake wa chakula cha jioni, ukaisha. Urmila akatoa roti, chapati alizofunga kwa ajili ya nyumbani, zikaisha, na Urmila akaketi chini na sari yake ya harusini akalia kama mtoto. “Anakula,” alisema. “Jamani, dada Akanisi, anakula.”

Mjomba Waisake, kwenye simu, alisikiliza yote mpaka mwisho. Kuhusu jino alisema tu, “Sikuwa na jingine.” Kuhusu ahadi aliuliza, “Ulisema chochote?” Akakata.

Walianza kuwalisha wale wenye njaa. Kila jioni Akanisi aliweka sinia la mihogo na samaki nyuma ya nyumba, na kila asubuhi sinia lilikuwa safi. Mbwa, Urmila alisema. Huenda ni mbwa. Sinema ya Fergus ilipata tuzo huko ng'ambo, na picha ya Ilaitia mwenye damu kidevuni ikabandikwa mpaka kwenye mabasi. Ilaitia mwenyewe hakujali. Alikuwa anakula. Mashavu yalirudi, shingo ikarudi, kamba ya nailoni ikatupwa. Alikula alipoamka na alipolala, na tumbo likatangulia mlangoni, akafika uzito ambao hakuwahi kuwa nao.

Jumapili moja, baada ya kanisa, Akanisi alirudi kwa njia ya nyuma akiwa na kapu la viazi vikuu. Moshi ulikuwa unapanda. Mdogo wake alikuwa amekaa kwenye gogo kando ya shimo la kupikia, sahani mapajani, mafuta yanamng'aa kidevuni. Mawe yalikuwa mekundu.

Urmila alichungulia juu ya ua akicheka. “Ilaitia wewe! Umenona! Krismasi kweli tutaacha kukuchinja?”

Ilaitia alicheka na mdomo umejaa.

Akanisi hakucheka. Alikuwa analitazama shimo. Shimo lao lilikuwa la duara, la kutosha kuku na mihogo ya watu wawili. Hili lilikuwa refu. Lilianzia kwenye gogo likaenda mpaka kwenye ua, limechongwa kingo vizuri, na majani ya mgomba yamekwisha tandazwa pembeni, mabichi, mengi.

“Umechimba shimo kubwa la nini?” aliuliza.

“Mimi?” Ilaitia alifuta kidevu kwa kiganja. “Nimelikuta hivi, dada, na moto wake. Nilidhani umechimba wewe.”

Kapu likamponyoka. Alimshika mdogo wake mkono, akamvuta kwa nguvu zake zote, lakini Ilaitia alikuwa mzito, mzito kama alivyomlisha mwenyewe.

“Niache nimalize, dada,” alisema. “Bado nina njaa.”

Na upande wa pili wa moshi, taratibu, wakaanza kupiga yale makofi mazito.